Kwa Nini Milima Humeza Jina

Kabla milima haijajifunza kujibu, mtu aliweza kusimama ukingoni mwa bonde la Mlondo akaita mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na sauti yake ikaenda zake isirudi. Ninyi mnaokwenda pale kupiga ukelele, mkacheka mnapojibiwa, mnadhani ilikuwa hivyo tangu dunia kuumbwa. Haikuwa hivyo. Milima ilikuwa kimya kama milima inavyopaswa kuwa. Hadithi yake siipendi sana, lakini mmeuliza, na aliyeuliza sharti avumilie kusikiliza hadi mwisho.

Bonde lile mnalijua. Milima imelizunguka pande zote kama ukingo wa bakuli, na upande wa kusini tu ndiko kuna mwanya mdogo ambapo mto hupenya. Katikati, chini kabisa, palikuwa na kinamasi cha matete. Watu wa milimani walilima mtama na viazi vikuu. Watu wa matete walisuka mikeka, wakavua kambare, na walikuwa na vishamba vyao kandokando ya maji, vyenye udongo mweusi usiokauka hata jua liwake namna gani. Walioana, wakazikana, wakagombana kama majirani wanavyogombana. Hapakuwa na la zaidi.

Juu ya kila mlima palikuwa na nyumba ya ngoma. Si ngoma ya kuchezea, hapana. Ilikuwa ngoma kubwa ya gogo la mringaringa, imewambwa ngozi ya fahali, na ilikuwa inasema. Ilipanda na kushuka kama sauti ya mtu, na kila aliyezaliwa kule aliielewa tangu yungali mgongoni kwa mama yake. Mpigaji wa mlima mmoja akipiga, wa mlima wa pili husikia, naye hupiga vilevile kwa ajili ya wa mlima wa tatu, hivyo hivyo mpaka habari imezunguka bonde zima na kurudi ilikotoka.

Sheria za ngoma zilikuwa chache na hazikuwa na mjadala. Mpigaji haongezi wala hapunguzi. Kila habari hutanguliwa na jina la mwenyewe, ndipo yafuate maneno. Na habari ikisharudi mlima ilikoanzia, mpigaji wa kule huizima: huweka kiganja cha kushoto juu ya ngozi, akapiga pigo moja butu kwa cha kulia. Milima mingine ikisikia pigo lile hunyamaza, kwa sababu mwenye habari ameipokea kuwa ni yake. Wasipolisikia, huendelea kuipitisha. Kwa hiyo katika nchi ile hapakuwa na habari ya kuzurura. Kila neno lilikuwa na kwao.

Mpigaji wa mlima wa Mlondo katika siku hizo aliitwa Maghanga. Ngoma aliirithi kwa baba yake, na mikono yake ilisifiwa mpaka ng'ambo ya bonde. Alikuwa mjane, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, Mkamburi, aliyeolewa huko chini kwenye matete na msuka mikeka. Jioni Maghanga alizoea kukaa mlangoni akitazama moshi wa kule bondeni na kujaribu kukisia upi ni wa jiko la binti yake. Alimpenda mno. Mkiweza, lishikeni hilo, maana ndilo linalonifanya nimwonee huruma mtu huyu, vinginevyo ningemlaani.

Mwaka mmoja mvua haikuja. Mtama ulinyauka milimani, viazi vikawa vijiti, lakini chini kule vile vishamba vyeusi vilibaki kijani. Mkuu wa nchi, Mwandoe, alikuwa kila akitoka nje anaona watu wake wenye njaa, na kila akitazama chini anaona ule ukijani. Hakuzaliwa mbaya. Lakini alijua kwamba hawezi kuwaambia watu wakawanyang'anye wakwe zao mashamba. Nani angeshika panga kumwendea mume wa binti yake? Akakaa, akafikiri, na asubuhi moja yenye ukungu akapanda hadi nyumba ya ngoma.

Alisalimia vizuri, akaulizia afya, akaulizia afya ya Mkamburi aliyekuwa mjamzito. Kisha akasema, "Baba Mkamburi, leo nina habari fupi. Piga hivi: watu wa matete hawana vivuli."

Maghanga alicheka, akidhani anataniwa. Mwandoe hakucheka. Basi Maghanga akauliza ni nani aliyeona jambo hilo, akajibiwa kwamba halikuonwa, limesikika. Akauliza atangulize jina la nani.

"La yeyote halitangulii," Mwandoe alisema. "Hii si habari ya mtu. Ni habari ya nchi."

Maghanga alisitasita. Mkuu naye, kwa upole uleule, akamkumbusha kwamba kuna mpwa wake mwenye mikono mizuri, na kwamba ngoma ni gogo tu, huweza kubebwa kutoka nyumba hii ikapelekwa nyumba nyingine. Maghanga akaitazama ngoma ya baba yake. Akajisemea kuwa habari yenyewe ni upuuzi, watu wataicheka kama yeye alivyoicheka, na ikirudi ataizima, mambo yaishe. Akachukua mikwiro, vile vijiti vya kupigia.

Mikono yake, kwa mazoea ya miaka, ilikwenda yenyewe kupiga jina. Akaizuia. Pale ambapo jina lilipaswa kuwa, pakabaki kimya kifupi, kama pumzi mtu anayoivuta kabla ya kusema. Halafu akapiga: watu wa matete hawana vivuli. Mpigaji wa Ndile, mlima wa jirani upande wa mashariki, alikuwa amefunzwa kutoongeza wala kupunguza, basi alikipitisha hata kile kimya. Nao wa mbele yake wakakipitisha. Wazee wanasema kimya kile kilitisha kuliko maneno. Watu waliacha walichokuwa wakifanya wakainua vichwa, wakangoja jina, na jina halikuja.

Alasiri habari ilirudi kutoka Irimba, mlima wa magharibi. Maghanga alikuwa ameshaweka kiganja cha kushoto juu ya ngozi tayari kuizima. Akasikia kimya kile. Akasikia: watu wa matete hawana vivuli. Kisha akasikia: wanatafuta.

Neno hilo hakulipiga yeye. Alijua tangu utotoni kwamba hakuna mpigaji anayeongeza, na wapigaji wote aliwajua kwa nyuso. Lakini akiizima, milima yote itajua kwamba mwenye habari yuko Mlondo, kwamba ni yake, pamoja na hilo neno asilolijua. Akaondoa kiganja. Akaipitisha kwa Ndile, kimya, maneno, na nyongeza yake. Kosa la kwanza aliambiwa na mkuu alifanye. Hili la pili alilifanya mwenyewe, na hili ndilo kubwa.

Tangu hapo habari ikawa inazunguka. Asubuhi ilipita Mlondo ikielekea mashariki, alasiri ikaingia kutoka magharibi, imevaa neno jipya. Wanatafuta vivuli vya watoto. Wanavikunja kama mikeka. Watu wa Mlondo waliposikia walihesabu hivi: hii imetokea Ndile, na hii imetokea Irimba, watu wa mashariki na watu wa magharibi wasiokula pamoja wala kunywa pamoja, iweje wote waseme uongo mmoja? Waliona ni mashahidi wawili. Hakuna aliyekumbuka kwamba milima imezunguka, na kwamba kilichotoka mlango wa mbele ndicho hichohicho kilichoingia kwa mlango wa nyuma. Wale wale waliojisifu kwa ngoma yao inayorudi, walisahau kwamba inarudi.

Soko la bonde hilo lilifanyika mchana, jua likiwa utosini, kwa sababu watu wa matete walihitaji asubuhi nzima kutoka majini na watu wa milimani asubuhi nzima kuteremka. Nanyi mnajua jua la utosini katika nchi yetu. Kivuli cha mtu huingia chini ya nyayo zake kikajificha. Watu wa milimani waliwatazama watu wa matete miguuni, wakaona hakuna kitu. Wakatazamana. Wakarudisha vikapu. Jirani yake Maghanga, mwanamke aitwaye Wawuda, aliyekuwa akinunua kambare kwa Mkamburi kila soko na kumtania kuhusu tumbo lake, siku hiyo alisimama hatua chache mbali, akaangalia visigino vya binti yule, akaondoka bila kusalimu. Watu wote sokoni pale hawakuwa na vivuli. Hakuna hata mmoja aliyeitazama miguu yake mwenyewe.

Maghanga aliyasikia hayo na akajua sababu yake. Alikuwa anajua kuliko watu wote kwamba habari ile imetoka mikononi mwake. Hata hivyo, na hapa ndipo mimi huchoka na binadamu, kuna asubuhi alijikuta amesimama uani akihakikisha kivuli chake bado kipo, akisogeza mkono kuona kama na chenyewe kitasogea.

Mkamburi akajifungua salama. Desturi ilikuwa kwamba mtoto wa kwanza hupelekwa kwa babu mzaa mama akapewe jina, na kama babu ni mpigaji, jina hilo hupigwa likazunguka milima yote. Likirudi na kuzimwa, mtoto anakuwa amejulikana. Maghanga aliingoja siku hiyo kuliko alivyoingoja mvua. Alikuwa na jina tayari. Alilipiga taratibu kwa vidole juu ya goti lake kila jioni, ili ngoma isije ikamkosea.

Mkamburi alikuja asubuhi, ukungu ukiwa umeanza kupanda, mtoto mgongoni, jua likiwa nyuma yake. Maghanga alisikia hatua, akatoka mbio hadi mlangoni. Akatazama chini. Kivuli kilikuwapo, kirefu, kimefika mpaka kizingitini, na mgongoni mwa kivuli palikuwa na kinundu kidogo, ndicho mtoto. Moyo ukamtulia. Ndipo akainua macho kwa binti yake, akakuta amesimama.

"Baba," Mkamburi alisema, "umenitazama chini kabla ya kunitazama usoni."

Aibu ilimshika Maghanga. Mkamburi hakulia wala hakupaza sauti. Alimwambia kwamba sokoni wamempaka majivu visiginoni waone kama yatashika, kwamba mikeka yao inaozea vibandani, kwamba mumewe anasema wahame na yeye amekuwa akimjibu kuwa baba yake yuko pale juu na ngoma yake. "Nilisema, baba atawaambia." Akafunga vizuri nguo iliyomshikilia mtoto. Jina lingengoja, alisema, mpaka siku babu yake atakapoweza kuanza na uso. Akageuka na kuteremka. Maghanga hata uso wa mjukuu wake hakuuona, aliona kisogo tu.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa Mwandoe. Alikuta nyumba imezibwa ngozi madirishani na mlango umeegemezwa gogo, mchana kweupe. Aliposukuma, sauti ya ndani ilimsihi afunge upesi. Ndani kulikuwa giza, na mkuu wa nchi alikuwa amekaa pembeni amejikunyata.

Maghanga akamwambia amekuja kwa ajili ya ile habari. Mkuu atie jina lake, irudi, izimwe.

"Ile yangu ilikuwa ndogo, Baba Mkamburi," Mwandoe alisema. "Hii inayopita sasa si yangu. Hii imetoka kote." Kisha akanong'ona, "Usiache mwanga uingie. Kivuli changu kitaangukia ukutani, nao watakiona."

Wakiwa humo gizani, ngoma ya Irimba ikalia. Kile kimya kikapita juu ya paa. Kisha yakafuata maneno mapya kabisa: siku ya soko, jua likiinama, matete yachomwe. Maghanga alimuuliza mkuu ni lini alitoa amri hiyo. Mwandoe akatikisa kichwa gizani. Alidhani, alisema, ni Maghanga.

Maghanga alirudi mbio. Alifika kwenye ngoma hata bila kupumua vizuri, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ukungu aliiacha mikono yake ianze inakotaka kuanza. Akapiga jina lake. Akapiga: Maghanga wa Mlondo, niliipiga mimi, sikuona kitu, niliambiwa na Mwandoe, haina kweli. Alipiga kwa nguvu zake zote, akaketi kungoja, akiwa na uhakika. Alitarajia kuaibika. Hilo aliliona dogo.

Habari yake ilirudi jioni. Ilianza na kimya. Kimya, halafu: niliipiga mimi, sikuona kitu, niliambiwa, haina kweli.

Maana wapigaji wa milima yote kwa muda ule walikuwa wameshazoea. Mikono ilikuwa imejifunza kwamba habari kubwa haina jina, ikawa inaliruka jina bila hata kufikiri, kama miguu inavyoruka kidaraja kilichooza. Uani kwa Wawuda watu walikuwa wakisikiliza. Mmoja aliuliza, "Huyo 'mimi' ni nani?" Mwingine akasema bila shaka ni wenyewe wa matete, wameshajifunza kupiga. Na nyuma ya habari ya Maghanga, ikiifuata kwa karibu, ikaja ile ya zamani, nzima, na maneno yake yote.

Akachukua kisu. Ngozi ile ilikuwa imewambwa na baba yake, na mafuta ya viganja vya baba yake yalikuwa yameacha madoa mawili meusi katikati. Akaichana kutoka doa moja hadi la pili. Alijua kwamba mzunguko ukikatika mahali pamoja umekatika wote. Irimba ikipiga, Mlondo haitapokea, na Ndile haitakuwa na la kusikia.

Asubuhi ya soko Irimba ikapiga. Maghanga alikaa kando ya ngoma iliyochanika na mikono mapajani. Maneno yakafika juu ya nyumba. Hayakusimama. Alisikia yakipita, polepole, juu ya paa la nyasi, bila mkono, bila ngozi, na baada ya kitambo kidogo akayasikia yakilia upande wa Ndile.

Alitoka nje. Ukungu ulikuwa umeshukia bondeni, na mlima wa Ndile ulionekana karibu sana. Mpigaji wa Ndile naye alikuwa amesimama nje ya nyumba yake ya ngoma. Mikono yake ilikuwa mitupu, imening'inia. Walitazamana hivyo, wapigaji wawili wasiopiga, na habari ikawapita wote wawili ikaendelea na safari yake. Milima ilikuwa imeishika. Ilikuwa haihitaji tena mtu.

Ndipo Maghanga alipokimbia. Aliteremka njia nzima mpaka chini, akaanguka, akainuka, akafika kwenye tuta jembamba linaloingia matete jua likiwa limeanza kuinama. Watu wa milimani walikuwa wanakuja na vijinga vya moto. Hawakuwa na kelele. Walitembea kimya kama watu wanaokwenda kwenye kazi ya zamu, na vivuli vyao, virefu, viliwatangulia. Akasimama katikati ya tuta. Wa mbele alikuwa Wawuda.

Wawuda alimwambia awapishe.

"Nani amekuambia?" Maghanga aliuliza.

"Nimesikia."

"Kwa nani?"

"Kwa ngoma, Maghanga. Kila mtu amesikia."

"Ngoma ni mimi," Maghanga alisema, akanyoosha mikono yake mbele yake. "Ni hii mikono, Wawuda. Uliijua tangu tukiwa wadogo. Hii ndiyo iliyosema, na haikuona kitu."

Wawuda aliitazama mikono ile muda mrefu. Kisha, polepole, akatazama chini, akakiona kivuli chake kilivyolala juu ya tuta mpaka miguuni kwa Maghanga. Akakumbuka soko, na jua lilivyokuwa. Alikigeuza kijinga chake akakitumbukiza majini, kikazima. Akakaa chini palepale, akajifunika uso. Waliokuwa nyuma yake karibu walisikia, nao wakazima vya kwao mmoja mmoja, kila mmoja akiulizwa nani amekuambia, na kila mmoja akikosa jina la kutaja.

Ningependa kuwaambia kwamba wote walisikia. Sauti ya kinywa haifiki mbali. Waliokuwa mwisho wa msafara hawakusikia kitu. Waliona tu wenzao wamesimama, wakadhani wameogopa, wakazunguka kandokando ya kinamasi, wakatia moto.

Matete yalikuwa makavu. Lakini maneno yale ya kwenye tuta, machache na ya polepole, yaliwapa watu wa kule ndani muda wa kupanda machelezo yao. Hakuna aliyeungua. Waliteremka na maji mpaka kwenye mwanya wa kusini, watu, mbuzi na mikeka, nyuma yao moshi. Na moto ulipomaliza matete uliingia ardhini, kwenye ule udongo mweusi ambao Mwandoe aliutamani, ukaula kwa chini majira mazima. Ukipita juu yake ulisikia joto nyayoni na huoni mwali. Hakuna aliyelima pale, hadi leo.

Maghanga hakubaki kutazama moto. Alipanda jabali lililo juu ya mwanya, akafika wakati chelezo la mwisho linapita chini yake. Alimtambua Mkamburi kwa namna alivyokaa. Mtoto alikuwa kifuani mwake sasa, uso umeelekea juu, lakini kutoka kule jabalini ulikuwa mdogo kama tonge. Akaita kwa sauti yote aliyokuwa nayo:

"Mkamburi, mtoto umempa jina gani?"

Mkamburi alisikia. Aliinua kichwa, akamtazama baba yake. Maghanga aliona midomo yake ikifunguka, ikitamka. Na wakati huohuo milima, ambayo tangu kuumbwa haijawahi kumrudishia mtu sauti, ikajibu pande zote kwa mara moja: jina gani, jina gani, gani.

Ilijibu kwa muda mrefu. Iliponyamaza, chelezo lilikuwa limekwisha kupita mwanya.

Na tangu siku hiyo milima haijaacha kujibu. Hurudisha mkia wa maneno tu, kwa kuwa ndivyo ilivyofunzwa: wa kwanza kuiambia habari isiyo na mwanzo ni sisi. Nyumba za ngoma zilianguka. Ngoma tulizonazo sasa ni za kuchezea na za kuzikia, na hakuna anayezipa neno la kubeba. Na ndiyo maana katika nchi hii mtu akiingia kwako na habari, hata akiwa ameipata humo kwenye simu yake asubuhi hii na akaapa kwamba imetoka kote, kabla ya kumpa kigoda unamuuliza neno moja. Unamuuliza: jina gani? Akikosa la kujibu, mpe maji anywe, azungumzie hali ya hewa.

Maghanga aliishi sana. Wanasema kila jioni alipanda lile jabali na kuita, akiwa amebadilisha swali kila namna, akiliweka jina la binti yake mwanzoni, katikati, mwishoni. Siku moja aliamua kuliita lile jina alilokuwa amemwekea mjukuu wake, lile la kupiga gotini. Akaliita moja tu, bila neno jingine. Akangoja.

Halikurudi. Nendeni mkajaribu wenyewe. Mlima utawarudishia vicheko na matusi yenu yote. Ila jina la mtoto yule, wapo waliokwenda kuliulizia wakalia, na mpaka sasa hatujui lilikuwa jina gani.